Neno WARAKA: Maana Yake na Matumizi Yake katika Kanisa

Katika maneno yanayosomwa kanisani kila Jumapili, machache hutamkwa mara nyingi kama neno waraka, na machache huelezwa mara chache kama hilo. Twalisoma juu ya vitabu vya Agano Jipya, twalisoma katika vitabu vya sala, na tena twalisikia barua ya Askofu inapofika na kusomwa mbele ya watu. Kwa kuwa twalisikia sana, twadhani kwamba kila mtu ajua maana yake. Katika kurasa hizi twataka kulichunguza neno hili, asili yake, na njia iliyopita hata likafika mahali lilipo leo. Na mwisho twataka kusema neno kwa walimu wenzetu juu ya kulitumia vema.

Mwaka mmoja tulikuwa tukifundisha darasa la wakatekumeni katika kijiji kimoja cha bara. Tulikuwa tumekwisha kueleza safari za Mtume Paulo, na siku hiyo tulikuwa tukieleza maandiko yake. Tulipomaliza, mzee mmoja, ambaye siku zote alikuwa msikilizaji mwema, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Paulo nimemwelewa, na Timotheo nimemwelewa. Lakini huyu Waraka wa Paulo hujatuambia ni nani. Je, alikuwa mwanawe au mtumishi wake?" Vijana wakacheka. Sisi hatukuthubutu kucheka, maana tuliona mara moja ya kuwa katika sarufi mzee hakukosa hata kidogo. Ikiwa twasema Yakobo wa Zebedayo na Mariamu wa Klopa, kwa nini asiweko Waraka wa Paulo? Tena yuko Waraka wa kwanza na Waraka wa pili, kama majina ya wafalme yanavyopokezana. Kosa lilikuwa letu sisi tuliolitaja neno miezi mingi bila kulifungua. Tangu siku ile tulianza kulitafuta.

ASILI YA NENO

Waraka ni neno la Kiarabu. Katika lugha hiyo waraqa ni jani la mti, na kwa kuwa karatasi ni nyembamba na bapa kama jani, likawa pia jina la karatasi moja. Si ajabu. Watu wa mataifa mengi wameyaita maandiko yao kwa jina la kitu kilichoandikwa juu yake. Hata neno Biblia latokana na jina la Kiyunani la mafunjo, yale majani ya mtoni yaliyofanywa karatasi huko Misri. Kwa hiyo katika Kiarabu waraqa ni neno dogo, halina utukufu wowote. Karatasi ya hesabu ya sokoni yaweza kuitwa hivyo.

Lilipoingia katika Kiswahili, neno hili lilipata makao mapya. Waswahili walisikia mwanzo wake, wakauona kuwa sawa na mwanzo wa maneno yao wenyewe: wimbo, wavu, wayo. Na kama wingi wa hayo ulivyo nyimbo, nyavu, nyayo, vivyo hivyo wakasema nyaraka. Wingi wa Kiarabu, awraq, uliachwa huko ulikotoka. Twasema waraka huu, nyaraka hizi. Waraka umesomwa, nyaraka zimesomwa. Neno ambalo lugha imelivika viambishi vyake namna hii halistahili tena kuitwa mgeni. Limekwisha kuwa mwenyeji.

Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaotaka kuyaondoa maneno ya Kiarabu katika vitabu vyetu vya dini. Baadhi yao walidhani kwamba waraka laweza kuachwa na mahali pake pawekwe barua, neno ambalo kila mtu alijua. Lakini mwenye kulikimbia neno waraka na kulikimbilia neno barua hajatoka Uarabuni; amehama chumba tu katika nyumba ile ile. Barua ni baraa'a ya Kiarabu, yaani kuondolewa deni au hatia, na baadaye hati ya mtawala impayo mtu haki au cheo. Watawala wa Kituruki walitoa hati za namna hiyo na kuziita kwa jina hilo hilo, berat. Na Wakristo wanaosema Kiarabu hata leo huziita baraa'a zile hati kuu za Papa zilizotiwa muhuri ya risasi, ambazo katika Kilatini zilipata jina la bulla kwa ajili ya muhuri hiyo.

Hapa ndipo tulipostaajabu. Katika Kiarabu, waraqa ni karatasi tu, na baraa'a ni hati ya enzi. Katika Kiswahili, barua ni andiko la kila siku, la mama kwa mwanawe aliye mbali, na waraka ndio andiko la heshima. Maneno mawili yalivuka bahari, na yalipofika pwani kwetu yakabadilishana viti. Neno la tatu nalo lilibadili kazi. Waarabu Wakristo huziita Nyaraka za Mitume kwa neno risala, yaani ujumbe uliotumwa. Sisi nasi tunalo neno risala. Lakini kwetu ni maneno yanayoandikwa na watoto wa shule au wafanyakazi na kusomwa mbele ya mgeni mkubwa siku ya sikukuu. Mtu akituambia "Risala ya Paulo kwa Warumi," tungemwona Paulo amesimama jukwaani na karatasi mkononi, na Warumi wameketi wakingoja kupiga makofi.

Tujifunze basi ya kwamba asili ya neno yatuambia lilikotoka, haituambii linakokaa. Maana ya neno hutafutwa katika vinywa vya wanaolitumia.

DESTURI YA PWANI

Watu wa pwani walikuwa wakiandikiana muda mrefu kabla ya misheni kufika. Barua za Kiswahili za kale zaidi zilizohifadhiwa ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo zimetunzwa huko Goa, katika nyaraka za Wareno. Mwaka 1892 Carl Büttner, aliyekuwa mmisionari na kisha mwalimu wa Kiswahili katika mji wa Berlin, alichapa kitabu cha maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na ndani yake zimo barua nyingi za watu wa pwani. Mwenye kuzisoma barua za namna hiyo ataona kwamba zina mwendo wake, wala mtu hakuandika apendavyo. Kwanza hutajwa anayeandikiwa kwa sifa zake na heshima zake, naye mwandishi humwita ndugu au mpenzi; kisha salamu; kisha habari ya hali, kwamba mwandishi ni mzima na ataka kujua uzima wa mwenziwe; kisha "ama baad," ndipo jambo lenyewe liingie. Mwisho huja salamu za watu wa nyumbani, na neno wakatabahu, maana yake "na aliyeiandika," na jina la mwandishi. Wengine huongeza biyadihi, yaani "kwa mkono wake."

Barua haikuwa karatasi pekee. Ilikuwa na mjumbe aliyeichukua, naye alikuwa na maneno ya mdomo ya kuongeza. Aliyeipokea, kama hakujua kusoma, alimwita anayejua, na jamaa wote walisikiliza. Ndiyo maana wazee walisema, "Barua ni nusu ya kuonana." Nusu moja ni karatasi, nusu ya pili yakamilishwa na mjumbe.

Na washairi nao walilipenda neno waraka. Kwao waraka ni andiko linalotumwa kwa tungo. Mara nyingi mshairi huuambia waraka wake uondoke, ushike njia, ufike kwa fulani na kumsalimu, kana kwamba ni mtu mwenye miguu. Hapo twaona neno limekwisha kupanda daraja. Barua ya kununua mchele haikuitwa waraka na mshairi. Waraka ulikuwa na sauti, na ulikusudiwa kusikiwa na wengi, hata ukiwa umeandikiwa mtu mmoja.

NYARAKA ZA MITUME

Wamisionari walipoanza kutafsiri, walikuta maneno haya yamo tayari. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa Askofu mwaka 1874, alifanya kazi yake pamoja na wenyeji wa mji. Na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Baadaye ikaja Biblia ya Muungano, iliyochapwa mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Katika Biblia hiyo vitabu 21 kati ya 27 vya Agano Jipya vina neno waraka katika vichwa vyao.

Tumezichungua kurasa zake tuone kama wafasiri walipambanua kati ya waraka na barua. Twaona kwamba mara nyingi walipambanua. Paulo anapotaja maandiko yake mwenyewe kwa makanisa, neno ni waraka. Tertio, aliyeshika kalamu, asema ameandika waraka (Warumi 16:22). Wakolosai waagizwa waupeleke waraka kwa Walaodikia nao wausome ule utokao Laodikia (Wakolosai 4:16). Na Petro ataja nyaraka za Paulo (2 Petro 3:16). Lakini zile za kumsifia mtu ili apokewe ugenini ni barua (2 Wakorintho 3:1), na andiko ambalo Mitume na wazee waliwapa wajumbe wa Antiokia ni barua (Matendo 15:30), na zile ambazo Sauli aliziomba kwa Kuhani Mkuu ili akawafunge wanafunzi wa Dameski ni barua (Matendo 9:2).

Tukirudi katika Agano la Kale twaona jambo la kutufikirisha. Daudi alipomwandikia Yoabu kwamba Uria awekwe mahali pa vita vikali ili auawe, andiko lile limeitwa waraka (2 Samweli 11:14). Mfalme wa Shamu alipomtuma Naamani kwa mfalme wa Israeli, aliandika waraka (2 Wafalme 5:5). Na maneno ya makufuru ya mfalme wa Ashuru, ambayo Hezekia aliyatandaza mbele za Bwana, nayo yalikuwa katika waraka (2 Wafalme 19:14). Waandishi hawa watatu wote ni wafalme. Hatusemi kwamba wafasiri waliishika kanuni moja kila mahali, maana Kuhani Mkuu naye alikuwa na mamlaka, na andiko lake limeitwa barua. Hata hivyo twaona wazi neno lilivyoegemea: waraka ni andiko la mwenye mamlaka. Mamlaka, twasema, si utakatifu. Wazee husema mjumbe hauawi. Lakini Uria aliuawa kwa waraka alioubeba yeye mwenyewe mkononi, pasipo kujua yaliyomo. Neno waraka halilitakasi andiko. Andiko hutakata au huchafuka kwa yale yaliyoandikwa ndani yake.

JE, NI BARUA AU NI NYARAKA?

Wataalamu wa Ulaya nao walilishindania jambo hili kwa maneno ya lugha zao. Mwishoni mwa karne ya 19 zilichimbuliwa katika mchanga wa Misri karatasi nyingi za mafunjo zenye barua za watu wa kawaida wa zamani za Mitume: askari amwandikia baba yake, mume amwandikia mkewe. Adolf Deissmann, mwalimu wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1895 na tena katika kile cha mwaka 1908, alipambanua aina mbili za maandiko. Ya kwanza ni barua ya kweli, ya mtu kwa mtu, iliyotokea kwa ajili ya haja ya siku ile. Ya pili ni andiko la ufundi lililovishwa nguo za barua tu, hali limekusudiwa kusomwa na ulimwengu. Akasema kwamba Paulo aliandika barua za kweli, wala hakujua kwamba siku moja zitakuwa Maandiko Matakatifu.

Waliokuja nyuma yake walisema kwamba alichora mpaka ulionyooka mno. Nasi twaona hivyo. Katika zile za Paulo, wa Filemoni, ulio mfupi kupita zote, una maneno 335 tu ya Kiyunani, nao wahusu mtumwa mmoja aliyekimbia. Lakini hata huo waandikwa pia kwa kanisa lililo katika nyumba yake. Waraka kwa Warumi una maneno kama 7,100, wala hapana askari aliyemwandikia baba yake maneno mengi namna hiyo. Na Paulo mwenyewe awaapisha Wathesalonike kwamba waraka wake usomwe kwa ndugu wote (1 Wathesalonike 5:27).

Sisi tulio na maneno mawili twaweza kulieleza jambo hili pasipo taabu nyingi. Kila waraka wa Mitume ulianza kuwa barua. Uliandikwa na mtu kwa watu aliowajua, katika machozi, hasira, shukrani, au haja ya fedha kwa maskini wa Yerusalemu. Ulichukuliwa na mjumbe mwenye jina, kama Tikiko aliyeagizwa kueleza habari zote za Paulo kwa mdomo, kama wajumbe wa pwani walivyofanya. Kisha ulisomwa mbele ya kusanyiko, ukanakiliwa, ukapelekwa mji wa pili, ukawekwa pamoja na wenziwe. Hapo ndipo barua ilipokuwa waraka. Kipo kitabu cha mafunjo cha mwaka kama 200 chenye nyaraka za Paulo. Majani yake 86 yamesalia, mengine katika mji wa Dublin na mengine katika chuo cha Michigan huko Marekani. Yule aliyeyanakili majani yale alikuwa akizishika barua ambazo wenyewe wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa zaidi ya miaka 100, naye aliona kwamba zingali zikisema naye.

Tazameni tena jinsi desturi yetu inavyotusaidia. Wayunani walianza barua kwa jina la mwandishi, kisha la mwandikiwa, kisha neno moja la salamu. Paulo aliishika desturi hiyo, lakini badala ya salamu ya kawaida aliandika neema na amani. Na mwisho wa barua, alipokuwa amekwisha kumsomea mwandishi maneno yake, alitwaa kalamu akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, akasema kwamba hiyo ndiyo alama katika kila waraka (2 Wathesalonike 3:17). Mswahili ajuaye maana ya wakatabahu biyadihi hahitaji kufundishwa jambo hili. Tena ajua sababu yake: penye barua zenye mamlaka hapakosi barua za uongo, na Paulo aliwaonya watu hao hao juu ya waraka uliodhaniwa kuwa umetoka kwake.

NYARAKA ZA KANISA

Mitume walipokufa, Kanisa halikuacha kuandika. Mwaka 96 hivi kanisa la Rumi liliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana tena, na andiko hilo laitwa Waraka wa Klementi. Mwanzoni mwa karne ya pili Ignatio wa Antiokia aliandika nyaraka saba akiwa njiani kwenda kuuawa. Maaskofu wa Iskanderia walikuwa na desturi ya kupeleka waraka kila mwaka kutangaza siku ya Pasaka. Na katika waraka wa Pasaka wa mwaka 367 Athanasio alivitaja vile vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo tulivyo navyo. Kwa hiyo orodha ya nyaraka za Mitume yenyewe twaipata katika waraka wa Askofu.

Zile zinazopelekwa makanisa yote zilipata jina la Kiyunani lenye maana ya kuzunguka, kwa kuwa huzunguka toka kanisa hata kanisa. Wengi huuhesabu ule wa Papa Benedikto wa 14 wa mwaka 1740 kuwa wa kwanza wa aina hiyo katika zamani hizi. Ule wa Papa Leo wa 13 juu ya wafanyakazi, wa mwaka 1891, wajulikana hata na watu wasio wa Kanisa lake. Na ule wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia ulisomwa sana na watu wetu, ambao mvua na misitu ndiyo maisha yao. Maaskofu wa Kianglikana nao, waliokutana Lambeth mara ya kwanza mwaka 1867, waliwahi kuyapelekea makanisa yao nyaraka za namna hiyo baada ya mikutano. Kwa Kiswahili maandiko haya yote twayaita nyaraka, na jina lafaa.

Serikali nazo zimeliazima neno. Katika Tanzania waraka wa elimu au waraka wa utumishi ni agizo linalopelekwa kwa ofisi nyingi pamoja. Na wingi wake, nyaraka, umepanuka hata kuwa hati zote zinazotunzwa, kama katika Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Kijana wa leo akisikia waraka, huenda akili yake yakimbilia ofisini kabla ya kufika kanisani.

Katika ibada neno lilipata maana nyingine tena. Kwa desturi ya kale ya vitabu vya sala, somo linalotangulia Injili huitwa Waraka, hata siku ambazo halitoki katika nyaraka. Siku ya Jumatano ya Majivu, mahali pa Waraka husomwa nabii Yoeli. Basi msikilizaji asiyefundishwa atajuaje kwamba waraka ni barua, hali amesikia kitabu cha nabii kikitajwa kwa jina hilo?

KOSA LETU

Hapa twaona imetupasa kuungama jambo moja. Tulipokuwa vijana katika kazi, ilitufikia barua kutoka ofisi moja ya kanisa, ikituagiza tuwakumbushe watu zaka zao. Haikuwa na neno gumu. Lakini sisi, tukipenda maneno makubwa, tulisimama baada ya masomo tukasema, "Sikilizeni Waraka," tukausoma kwa sauti ile ile tuliyosomea Maandiko. Watu wakaitikia kama wanavyoitikia somo, nasi tukafurahi.

Miezi ikapita. Tukaona mjane mmoja, mtu mwaminifu, hakaribii tena Meza ya Bwana. Tulikwenda kwake tukamwuliza. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, sina fedha za zaka mwaka huu. Ule Waraka ulinikataza." Tulirudi nyumbani tukaitafuta barua ile, tukaisoma neno kwa neno. Hapakuwa na katazo lolote. Yeye alikuwa amesikia jina Waraka, na kwake jina hilo lilikuwa moja na lile la Paulo anayesema kwamba alaye isivyostahili ajiletea hukumu. Akayaunganisha hayo mawili, akajihukumu mwenyewe. Tukarudi kwake siku ile ile na barua mkononi, tukamsomea tena polepole, tukimwambia, "Mama, hii ni barua ya ofisi, nasi ndio tuliokosa." Jumapili iliyofuata alikuja. Lakini miezi ile aliyokaa mbali hatuwezi kumrudishia.

Kwa hiyo mzee wetu wa darasani na mjane huyu waliumizwa na kosa moja, kila mmoja kwa upande wake. Mzee hakujua kwamba waraka ni barua, akakosa kuisikia sauti ya mtu anayewaandikia ndugu zake. Mjane hakuonyeshwa kwamba barua si kila mara waraka, akaiogopa karatasi ya ofisi kama neno la Mtume.

SHAURI KWA WALIMU

Wengine husema, basi tuliache neno waraka, tuseme barua mahali pote, kama tafsiri nyingine za siku za karibu zilivyofanya. Hatuwalaumu, barua husikika mara moja, wala hapana mzee atakayeuliza Barua ni nani. Lakini sisi hatupendi kulipoteza neno. Lugha yetu imelipa neno hili kazi ambayo barua haiwezi kuifanya yote: kulitaja andiko la mwenye dhamana, linalosomwa kwa wengi na kuhifadhiwa kwa ajili ya watakaokuja. Kulitupa ni kama kulitupa jembe kwa kuwa mtu mmoja hakufundishwa kulishika.

Twaona yafaa kufanya mambo matatu. Kwanza, kabla ya kusoma, mwalimu aseme kwa maneno machache nani alimwandikia nani, na kwa sababu gani, kwa mfano, "Hii ndiyo barua ambayo Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi waliompelekea msaada." Hapo waraka warudi kuwa barua masikioni mwa watu, na msomaji awa mjumbe anayekamilisha nusu ya pili ya kuonana. Pili, maandiko ya ofisi yaitwe kwa majina yake: tangazo ni tangazo, barua ni barua, cheti ni cheti, na waraka litunziwe lile andiko ambalo wachungaji wa Kanisa wameliandika kwa ajili ya kundi lote. Nalo lisomwe mahali pake na kwa sauti yake, ili watu walipambanue na Maandiko Matakatifu. Tatu, katika madarasa tuwape wanafunzi kazi ya kuandika barua kwa kanisa la jirani, yenye jina la mwandishi, salamu, shukrani, jambo lenyewe na salamu za mwisho. Tumeijaribu kazi hii, na tumeona ya kuwa mwanafunzi aliyewahi kuandika barua kama hiyo huusoma Waraka kwa Wafilipi kwa macho mengine.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao wenyewe ndio barua ya Kristo. Katika mahali hapo wafasiri wa Biblia ya Muungano hawakuandika waraka, waliandika barua. Tulipoliona hilo mara ya kwanza tulidhani wamesahau. Leo twadhani walifanya vema, maana Mtume alikuwa akisema habari za watu wanaojulikana na kusomwa na kila apitaye njiani, na kwa kazi hiyo neno la kila siku latosha.

Walimu wenzetu walio katika nchi ambazo neno hili lina maana nyingine, au wanaojua desturi za barua za wazee wa mahali pao, wangefanya vema kuziandika kabla hazijasahauliwa. Sisi tumeandika tuliyoyaona.